Majengo kuukuu ya misheni Homa Bay na Migori: Ni nani mwenye kauli ya mwisho?

KATIKA misheni kongwe za Kanisa Katoliki kwenye kaunti za Homa Bay na Migori, si vigumu kuona jengo ambalo mlango wake umefungwa kwa kufuli na hakuna anayekumbuka ufunguo ulibaki kwa nani.

Huenda lilikuwa nyumba ya mapadri wa kigeni, makao ya watawa, bweni, zahanati au hata kanisa lenyewe kabla ya kujengwa jingine kubwa kando yake. Kuta za matofali ya kuchoma zingali zimesimama. Mabati yameshika kutu, popo wameitwaa dari nao mchwa wameanza kazi kwenye miimo ya milango.

Jengo la namna hiyo halizungumziwi kwa miaka mingi. Kisha siku moja kipande cha dari huanguka, au mfanyabiashara huja na ombi la kulikodi, au mwanasiasa huahidi fedha za kujenga kitu kipya papo hapo. Ghafla baraza la parokia hutakiwa kutoa jibu katika kikao kimoja cha baada ya Misa.

Aghalabu jibu linalotolewa kwa haraka hiyo huwa ni la mtu mwenye sauti kubwa zaidi kikaoni. Wapo watakaosema libomolewe, na wapo watakaosema ni mwiko kugusa kazi ya wazee. Wachache sana huuliza swali ambalo lingefaa kutangulia yote: je, kikao hiki kina mamlaka gani juu ya jengo hili?

Ni swali zito kuliko linavyoonekana. Linahusu ardhi ambayo thamani yake imepanda, fedha za waumini wengi wao wakulima na wavuvi, usalama wa watoto wanaosoma hatua chache kutoka kwenye kuta hizo, na kumbukumbu ya watu waliozijenga bila majina yao kuandikwa popote.

Ili kuelewa jinsi mambo yalivyofika hapa, yafaa kurejea nyuma. Wamishenari wa Mill Hill, shirika lenye chimbuko lake Uingereza, waliingia Uganda mwaka 1895 na kufungua kituo Kisumu mwaka 1903. Kutoka hapo walielekea kusini, wakafika Nyabururu karibu na Kisii mwaka 1911, kisha wakajikita katika nchi ya Waluo wa kusini. Asumbi, ambako leo ni Homa Bay, na Rapogi, ambako leo ni Migori, ni miongoni mwa misheni zilizopata sifa kubwa, hasa kwa shule zake.

Misheni ya enzi hizo ilikuwa kama mji mdogo. Palikuwa na kanisa, nyumba ya mapadri, nyumba ya watawa, shule, mabweni, zahanati, karakana na tanuri la matofali. Wenyeji ndio walioukanda udongo, wakakata kuni za kuchomea matofali na kuchota maji ya kazi hiyo. Kwa wengi, hicho ndicho kilichokuwa mchango wao kwa Kanisa kabla ya sadaka ya pesa kuzoeleka.

Utawala wa Kanisa nao ulibadilika mara kadhaa. Eneo hili lilikuwa chini ya Kisumu hadi mwaka 1960 dayosisi ya Kisii ilipoundwa, askofu wake wa kwanza akiwa Maurice Otunga, ambaye baadaye alikuwa kadinali. Mnamo Oktoba 1993 ndipo dayosisi ya Homa Bay ilipozaliwa kutokana na Kisii, ikiongozwa na Askofu Linus Okok Okwach. Philip Anyolo alimrithi mwaka 2003 hadi alipohamishiwa Kisumu mwaka 2018. Askofu Michael Odiwa aliteuliwa mwishoni mwa mwaka 2020. Dayosisi hiyo ndiyo inayozihudumia kaunti zote mbili, Homa Bay na Migori.

Mpangilio huo wa miaka si wa kujaza ukurasa. Kila mara mipaka ilipobadilika, nyaraka za ardhi zilipaswa kubadilishwa pia. Parokia inayotaka kuamua hatima ya jengo lake haina budi kuanza kwa kukagua hati ya shamba lake inasoma jina la nani: wadhamini wa Homa Bay, wa Kisii, wa Kisumu, au hakuna hati kabisa ila barua ya zamani ya baraza la wilaya.

Kwa nini majengo haya yalibaki matupu? Hapa ndipo hali yetu inapotofautiana sana na ile ya Ulaya, na tofauti hiyo haijapewa uzito unaostahili.

Kule Ulaya makanisa hufungwa kwa sababu waumini wamepungua. Mjini Maastricht, Uholanzi, kanisa la kale la Wadominiko, lililojengwa katika karne ya 13, liligeuzwa duka la vitabu katika miaka ya 2000. Tatizo limekuwa kubwa kiasi kwamba Novemba 2018 Vatikani iliandaa kongamano mjini Roma kujadili makanisa yasiyotumika, likiwa na kichwa kilichouliza iwapo Mungu hakai tena humo.

Homa Bay na Migori hali ni kinyume. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,131,950 katika kaunti ya Homa Bay na 1,116,436 Migori. Kanisa la zamani likiachwa huku, kwa kawaida ni kwa sababu waumini wamekuwa wengi wakajenga jipya lenye nafasi. Kinachoshindikana ni jengo kuufuata wingi huo.

Nyumba za mapadri zina kisa chao. Zilijengwa kwa ajili ya wamishenari kadhaa walioishi pamoja, wakila meza moja na kupokea wageni waliosafiri kwa siku nyingi. Padri wa siku hizi ni mwanadayosisi, mara nyingi akiwa na msaidizi mmoja tu, na ana pikipiki au gari la kumrejesha jioni. Nyumba ya vyumba kumi yenye veranda pana ni mzigo kwake, na kuikarabati ni gharama ambayo hakuna jumuiya itakayoifurahia.

Mabweni nayo yamekumbwa na sera za serikali. Novemba 2022 Wizara ya Elimu ilitangaza nia ya kuondoa malazi kwa wanafunzi wa gredi ya kwanza hadi ya tisa. Tangazo hilo lilizua mjadala mkali na halikutekelezwa kama lilivyotolewa, lakini liliwafanya wasimamizi wengi wasite kuwekeza zaidi katika mabweni ya shule za msingi.

Kuna pia makao ya watoto. Ugonjwa wa Ukimwi ulipozikumba kaunti hizi, Kanisa lilikuwa mstari wa mbele kuwapokea mayatima. Kule Karungu, Migori, hospitali ya St Camillus ilianzisha makao ya Dala Kiye kwa ajili ya watoto walioathiriwa. Lakini tangu mwaka 2017 serikali ilisitisha usajili wa makao mapya ya watoto, na mwaka 2022 ilizindua mkakati wa miaka 10 wa kuwarejesha watoto katika familia. Ni sera yenye busara, kwani mtoto hulelewa vyema zaidi nyumbani kuliko kwenye ukumbi wenye vitanda 40. Hata hivyo, ni dhahiri kwamba parokia iliyokuwa ikifikiria kugeuza jengo lake tupu kuwa nyumba ya mayatima, wazo lililopendwa sana na wafadhili wa ng'ambo katika miaka ya 2000, haiwezi tena kutegemea njia hiyo.

Sheria ya Kanisa yasemaje?

Waumini wengi hudhani kwamba paroko ndiye mwenye uamuzi. Wengine hudhani ni mwenyekiti wa baraza la parokia. Wote wamekosea, ingawa kila mmoja ana sehemu yake.

Kwa mujibu wa Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, parokia iliyoundwa kihalali ni nafsi ya kisheria yenye uwezo wa kumiliki mali yake. Paroko huiwakilisha na husimamia mali hiyo kwa bidii ya mwenye nyumba mwema. Ni lazima kila parokia iwe na halmashauri ya fedha. Baraza la kichungaji nalo, pale lilipo, hutoa ushauri tu. Kura yake, hata ikiwa ya pamoja, haibomoi ukuta.

Pili, si kila jengo ni sawa. Kama ni kanisa lililowekwa wakfu au kubarikiwa kwa ajili ya ibada, kanuni ya 1222 inahusika. Likiwa haliwezi kabisa kutumika kwa ibada na haliwezi kukarabatiwa, askofu anaweza kuliruhusu litumike kwa shughuli za kawaida, mradi zisiwe za aibu. Kama sababu ni nyingine nzito, ni sharti kwanza asikilize baraza la mapadri, apate ridhaa ya wale wenye haki halali juu ya kanisa hilo, na ahakikishe wokovu wa roho haudhuriki.

Maneno hayo kuhusu shughuli za aibu yana maana yake. Ukumbi wa mikutano, maktaba au darasa la ushonaji ni jambo moja. Baa ni jambo jingine. Na katika miji kama Migori, Rongo na Homa Bay, ambako nafasi za biashara kando ya barabara kuu hugombewa, ombi la kwanza halitoki kwa wenye maktaba.

Kama jengo ni nyumba ya mapadri, bweni au ghala, utaratibu wa kanuni ya 1222 hauhusiki. Lakini kuuza mali ya parokia kuna masharti yake. Lazima pawe na sababu ya haki, na makadirio ya thamani yaliyoandikwa na wataalamu. Thamani ikivuka kiwango kilichowekwa na baraza la maaskofu wa nchi, askofu hawezi kuidhinisha bila kibali cha halmashauri yake ya fedha na jopo la washauri wake. Ikipita kiwango cha juu zaidi, Vatikani yenyewe lazima iridhie.

Kuna kanuni nyingine ambayo mabaraza ya parokia yangenufaika kuisoma kwa sauti. Kanuni ya 1298 inakataza mali ya Kanisa kuuzwa au kukodishwa kwa wasimamizi wake wenyewe, au kwa jamaa zao hadi daraja la nne, wa damu au wa ndoa, bila kibali maalumu cha maandishi, isipokuwa kwa vitu vya thamani ndogo. Katika maeneo ambako ukihesabu hadi daraja la nne utakuta nusu ya kigango ni mashemeji, sharti hilo si jepesi. Ndiyo sababu liliwekwa.

Upande wa sheria za nchi, mambo hayajapungua. Ardhi ya Kanisa kwa kawaida husajiliwa kwa jina la wadhamini wa dayosisi, kwa hivyo mkataba wowote uliotiwa saini na paroko peke yake unaweza kuwa hauna nguvu mbele ya mahakama. Mpangaji aliyelipa amana yake kwa nia njema hujikuta ana risiti ya parokia na hana nyumba.

Tatizo jingine ni shule. Baada ya Uhuru, shule za misheni zilichukuliwa na serikali huku makanisa yakibaki kuwa wafadhili, cheo ambacho Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakitambua. Matokeo yake ni kwamba katika viwanja vingi hakuna ua unaotenganisha shule na parokia. Bweni lililoachwa ni la nani? Bodi ya shule itasema ni lake kwa kuwa wanafunzi walilala humo kwa miaka 50. Parokia itasema ni lake kwa kuwa wazee walilijenga. Kama mipaka haijapimwa, kila upande utaahirisha ukarabati ukimngoja mwenzake, na mvua haina subira hiyo.

Hoja ya mahame

Wanaopinga kubomoa wana hoja ambayo wageni huipuuza. Katika desturi ya Waluo, mahame ya boma la zamani, yaitwayo gunda, ni zaidi ya magofu. Ni ushahidi kwamba ukoo fulani uliishi pale. Mizozo mingi ya ardhi imeamuliwa kwa kuonyesha palipokuwa na ukuta, lango au kaburi.

Ukiitazama nyumba kuukuu ya misheni kwa macho hayo, utaelewa ni kwa nini mzee wa miaka 80 hataki iondolewe hata kama hana mpango wowote nayo. Kwake, ikishaondoka, uwanja utaonekana mtupu, na uwanja mtupu una wenyewe wengi.

Hofu hiyo ina msingi hata katika sheria ya kisasa. Kwa mujibu wa Sheria ya Muda wa Kudai Haki, mtu anayemiliki ardhi ya kibinafsi ya mwingine waziwazi, mfululizo na bila idhini kwa miaka 12 anaweza kwenda mahakamani kudai kuwa ni yake. Parokia iliyomwacha jirani alime hadi kwenye msingi wa nyumba ya watawa kwa sababu hakuna anayeitumia inajitia hatarini pasi na kujua.

Lakini hoja ya mahame ina mpaka wake. Gofu linaweza kushuhudia kwamba mtu alikuwapo, ila haliwezi kumzuia mtu asiingie. Ua, vibao vya mipaka na hati iliyo sahihi hufanya kazi hiyo vizuri zaidi na kwa gharama ndogo kuliko paa jipya.

Eneo lenyewe lina mfano bora wa jengo lililoachwa na bado likawa na thamani. Thimlich Ohinga, ngome ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, inaaminika kujengwa katika karne ya 16. Jamii mbalimbali ziliingia, zikahama, nyingine zikarejea na kukarabati kuta. Mwaka 2018 shirika la Unesco liliiorodhesha kuwa Turathi ya Dunia. Ikumbukwe kwamba kuta hizo zilidumu kwa sababu waliofuata walizitumia na kuzirekebisha.

Wapo wanaopendekeza makumbusho. Mfano unaotajwa mara kwa mara ni Bagamoyo, Tanzania, ambako Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868. Nyumba iliyokuwa ya watawa huko sasa ni makumbusho, na mnara wa kanisa la kale, ambamo mwili wa David Livingstone ulihifadhiwa mwaka 1874 kabla ya kusafirishwa, bado huwavuta wageni.

Mwandishi huyu ana shaka iwapo mfano huo unaweza kuhamishwa jinsi ulivyo. Bagamoyo iko kilomita zipatazo 60 kutoka Dar es Salaam, ina ufuo na historia ya biashara ya utumwa inayojulikana duniani. Kusini mwa Nyanza kuna vivutio kweli: Thimlich Ohinga, mbuga ya Ruma yenye swala adimu aina ya korongo, na kaburi la Tom Mboya katika kisiwa cha Rusinga. Hata hivyo, watalii wanaofika huko ni wachache na hawakai sana. Makumbusho yatakayotegemea viingilio vyao yatafungwa kabla ya mwaka kuisha, na parokia itabaki na jengo lile lile likiwa na kibao kipya mlangoni.

Chumba kimoja cha kumbukumbu ndani ya jengo linalotumika kwa kazi nyingine ni wazo lenye mashiko zaidi.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo lolote lenye umuhimu wa kihistoria kuwa la kuhifadhiwa. Mmiliki hubaki kuwa mmiliki, lakini hawezi tena kubomoa au kubadilisha apendavyo. Parokia inayoona fahari kuomba hadhi hiyo ijue kwamba haileti pesa za ukarabati pamoja nayo.

Na kubomoa? Wengi huona kuwa ni njia rahisi. Pengine ni rahisi pale ambapo nyufa zimepasua ukuta kutoka msingi hadi paa na mhandisi ameandika kwamba hakuna la kufanya. Lakini kubomoa kunahitaji idhini ya serikali ya kaunti, na kuna jambo moja linalosahaulika: paa.

Majengo kadhaa ya katikati ya karne iliyopita nchini yaliezekwa kwa vigae vya asbesto. Vumbi lake husababisha maradhi ya mapafu yakiwemo saratani, na dalili huweza kuchukua miongo kujitokeza. Kanuni za taka za mwaka 2006 zinaiweka asbesto katika orodha ya taka hatari, na NEMA, mamlaka inayosimamia mazingira, hutaka iondolewe na wenye leseni, ifungwe na kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Vijana wa parokia waliojitolea Jumamosi na nyundo mkononi, wakilipwa chai na mandazi, hawapaswi kuigusa. Wala vipande vyake visigawiwe kwa jirani wa kuezekea banda la kuku.

Kutofanya lolote ndilo chaguo baya zaidi. Kwa bahati mbaya, ndilo ambalo huchukuliwa mara nyingi kwa kuwa halihitaji kikao. Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit-al-Ajaib, jumba mashuhuri la Mji Mkongwe wa Zanzibar lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka na kuwaua watu wawili. Jumba hilo lilikuwa turathi ya dunia, lilikuwa na wataalamu, na ukarabati ulikuwa unaendelea. Itakuwaje kwa nyumba ya matofali ambayo hakuna aliyepanda juu kutazama kenchi zake kwa miaka 30?

Hapa Kenya, Septemba 2019, darasa la shule ya Precious Talent jijini Nairobi liliporomoka na kuwaua wanafunzi wasiopungua saba. Halikuwa jengo kuukuu, ila lilithibitisha kwamba swali la nani anawajibika huulizwa kwa sauti kubwa pale mazishi yanapokuwa yamepangwa. Parokia yenye jengo bovu kando ya uwanja wa shule inaweza kuanza leo kwa seng'enge na kibao cha onyo, kazi isiyongoja kibali kutoka Roma.

Kwa majengo ambayo bado yana afya, ukarabati huanzia juu. Paa na mifereji ya maji vikiwa sawa, ukuta wa matofali unaweza kungoja miaka mingine kumi. Kosa linalorudiwa na mafundi ni kuzipaka saruji nzito kuta zilizojengwa kwa chokaa au udongo. Saruji hufungia unyevu ndani, na katika hali ya hewa ya kandokando ya ziwa unyevu huo hula tofali polepole huku ukuta ukionekana mpya kwa nje. Chokaa ni bora, nayo inapatikana.

Matumizi ndiyo huamua uhai wa jengo. Katiba ya mwaka 2010 ilizipa kaunti jukumu la elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji na sehemu kubwa ya afya. Serikali za Homa Bay na Migori zinahitaji nafasi kwa huduma hizo, na parokia zina nafasi. Mkataba wa kukodi wenye muda maalumu, uliosainiwa na wadhamini, wenye kipengele cha nani anatengeneza paa, unaweza kuzifaa pande zote. Tahadhari ni moja: kaunti ni wapangaji ambao malipo yao huchelewa, kama wanakandarasi wengi wajuavyo, na kodi ya miezi sita isiyolipwa itamwacha paroko bila nguvu ya kuwafukuza watoto wa chekechea.

Zamani fedha zingetoka kwa wafadhili wa Ulaya. Mkondo huo umepungua, na parokia zimehimizwa kujitegemea. Njia iliyobaki ni harambee, na harambee nchini Kenya haijawahi kuwa mbali na siasa.

Hilo lilidhihirika Novemba 2024. Rais William Ruto alitoa mchango wa pesa taslimu katika kanisa la Soweto, Nairobi, ikiwemo Sh2 milioni za ujenzi wa nyumba ya mapadri. Siku iliyofuata Askofu Mkuu wa Nairobi aliagiza mchango huo urejeshwe. Askofu mkuu huyo alikuwa Philip Anyolo, yule yule aliyeongoza dayosisi ya Homa Bay kwa miaka 15. Bila shaka anazijua nyumba za mapadri za kusini mwa Nyanza na gharama zake.

Msimamo huo una bei, na yafaa isemwe wazi. Parokia ikikataa bahasha ya mwanasiasa, lazima ipunguze ukubwa wa ndoto yake. Badala ya ghorofa litakalobeba jina la mfadhili, huenda ikatosha kuezeka upya vyumba vinne na kuviacha vingine sita viondolewe kwa utaratibu, matofali yake yakitumika kujengea ua. Mwandishi huyu anaona kwamba kwa parokia nyingi za vijijini, mpango wa namna hiyo, ambao hauna wa kuupigia makofi, ndio unaoweza kulipiwa na jumuiya ndogo ndogo bila kumtwika mtu deni.

Na pesa zikishachangwa, sheria ya Kanisa haina mzaha: sadaka iliyotolewa kwa kusudi fulani haiwezi kutumika kwa jingine. Iliyochangiwa paa ni ya paa. Baraza lisibadilishe nia katikati na kununua vyombo vya muziki kwa sababu kwaya inaelekea mashindanoni.

Yapo mambo ambayo hayahitaji kungoja uamuzi wowote. Vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi, ambavyo parokia inalazimika kuvitunza hata vikiwa vya zamani, vinafaa kutolewa katika makabati ya nyumba kuukuu kabla mchwa hawajavimaliza. Katika kaunti hizi kitabu cha ubatizo cha miaka ya 1930 mara nyingi ndicho waraka wa zamani zaidi ulioandika jina la babu wa mtu, na kimewahi kuwa na manufaa kwa wanaotafuta cheti au urithi.

Picha zipigwe kila chumba, vipimo vichukuliwe, na wazee waliobaki waulizwe udongo ulichimbwa wapi, tanuri lilikuwa upande gani na ni vijiji vipi vilivyoleta kuni. Kazi hiyo inaweza kufanywa na wanafunzi wa sekondari kwa simu za wazazi wao katika likizo moja. Jengo likibaki, maelezo hayo yatawekwa katika kile chumba cha kumbukumbu. Likiondoka, ndiyo yatakayobaki.

Baada ya hapo ndipo paroko apeleke faili kwa askofu, ikiwa na nakala ya hati, ripoti ya mhandisi, makadirio ya gharama na kumbukumbu za kikao zikionyesha waliokubali na waliopinga. Mvua ya masika huanza Machi. Faili iliyoandaliwa Januari inaweza kupata jibu kabla ya paa kupimwa na maji kwa mara nyingine.